Maswali Yenu: Karatasi inasema zinki ya mtoto iko chini. Niiamini?

Tangu tulipozungumzia vidonge vya zinki kwa watoto wanaoharisha, barua za madini haya hazijakatika. Nyingi zinauliza jambo moja: mtu atajuaje kama mwilini mwake zinki inatosha? Nilikaa benchi la maabara miaka mingi kabla ya kushika kalamu ya safu hii, na swali hili nalijali kwa sababu naona watu wanavyotishwa kwa namba. Ninaanza na barua iliyonigusa zaidi.

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Nkuhungu, Dodoma, nina mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mwezi uliopita alikuwa na homa, sikio linatoa usaha, na chakula anakataa. Nikampeleka kwenye kituo kimoja binafsi, wakasema apimwe na madini. Alitolewa damu saa tisa alasiri, ametoka kunywa uji. Majibu: zinki 8.9. Pembeni wameandika kiwango cha kawaida ni 10.7 hadi 18.4, na kuna mshale unaoelekea chini. Nimeambiwa ninunue vidonge vya miezi sita, la sivyo atadumaa na akili haitakua. Silali. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Umeniandikia mambo matatu ambayo karatasi yako haina: saa ya kutoa damu, uji, na homa. Bila hayo matatu, ile 8.9 haisomeki.

Kwanza tuiweke namba yenyewe mahali pake. Hiyo ni mikromoli kwa lita. Ukiizidisha kwa 6.54 unapata mikrogramu 58 hivi kwa desilita, kipimo ambacho vitabu vingi vya lishe vinakitumia. Kuna kundi la kimataifa la wataalamu wa zinki, IZiNCG, ambalo limeweka mipaka ya chini kulingana na umri, jinsia na saa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10, damu ikichukuliwa asubuhi bila kulazimika kukaa na njaa, mpaka ni 65. Ikichukuliwa mchana au alasiri, mpaka unashuka hadi 57. Mtoto wako wa saa tisa ana 58. Amegusa mstari, lakini hajavuka.

Sasa huo mshale umetoka wapi? Angalia 10.7 iliyochapwa pembeni. Hiyo ni sawa na mikrogramu 70, na 70 ndiyo mpaka wa mwanamke mtu mzima aliyetolewa damu asubuhi kabla ya kula. Mashine imemlinganisha binti yako wa miaka mitatu na mama mzima aliyeamka na njaa. Mashine haina kosa, imefuata ilichoandikiwa. Aliyekupa majibu ndiye aliyepaswa kuuliza.

Halafu homa. Mwili ukipambana na maambukizi, ini huivuta zinki kutoka kwenye damu na kuifungia ndani ya seli zake. Ni kama mfanyabiashara wa alizeti pale Kibaigwa: fedha ya mkononi ikipungua leo, si lazima awe amefilisika, huenda ameipeleka kununua mzigo. Ndiyo maana anayepima zinki kwa makini hupima pia protini za damu zinazopanda mwili ukipambana na maambukizi, hasa CRP na nyingine iitwayo AGP. Zikiwa juu, anajua zinki imeshushwa na ugonjwa, wala hakimbilii kusema lishe ni mbovu. Kwenye karatasi yako CRP haipo. Na mtoto alikuwa na usaha sikioni!

Ningeweza kuishia hapo nikakwambia ulale salama, lakini nitakuwa sijakutendea haki. Namba hii ina upande wa pili. Mtu mzima ana gramu kama moja na nusu hadi mbili na nusu za zinki mwilini, na karibu yote imo kwenye misuli na mifupa. Iliyomo kwenye maji ya damu ni kama sehemu moja kwa elfu ya jumla. Madini ya chuma yana ghala, na ghala hilo linapimika kwa ferritini, protini inayotunza chuma. Daktari akikuta ferritini imeshuka anajua akiba inaisha hata kabla damu haijapungua. Zinki haina ghala la namna hiyo. Mtoto anayeipata kidogo kidogo hupunguza anayoitoa kwa njia ya haja kubwa, na hupunguza kukua, hivyo damu yake inaweza kuonyesha namba nzuri tu huku yeye akibaki mfupi. Kwa hiyo namba ya chini haithibitishi upungufu kwa mtoto mmoja, na namba nzuri haiufuti.

Chukua kadi yake ya kliniki. Nina hakika uzito umejazwa. Urefu je? Mara nyingi sehemu hiyo naikuta tupu. Nenda kliniki uombe asimamishwe kwenye ubao wa kupimia urefu, na alama iwekwe kwenye mchoro wa urefu kwa umri. Rudi baada ya miezi michache apimwe tena. Mwambie muuguzi pia kama anaharisha mara kwa mara, kama ana vidonda visivyopona pembeni mwa mdomo au makalioni, kama nywele zinanyonyoka. Hayo yakikaa pamoja na ufupi, daktari ana sababu ya kuwaza zinki hata bila karatasi.

Dawa ya sikio amalize dozi. Damu ikihitajika kurudiwa, basi iwe baada ya wiki kadhaa bila homa, asubuhi, na CRP ipimwe siku hiyohiyo. Vidonge vya miezi sita usinunue kwa ajili ya karatasi hii. Zinki ya kuharisha tunaijua: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko. Hata hiyo, utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania na India na kuchapishwa 2020 ulionyesha kwamba miligramu 5 au 10 zilifanya kazi vilevile kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, tena waliotapika walikuwa wachache zaidi. Kumeza mfululizo ni jambo jingine. Marekani wameweka kikomo cha miligramu 7 kwa siku kwa mtoto wa rika la binti yako.

Na huo uji, ni wa nini? Kama ni uwele au mahindi yasiyokobolewa, una zinki, ila nafaka hizo zina fitati inayoishika zinki tumboni isipenye. Usiuache uwele kwa ajili hiyo. Loweka nafaka, iote kidogo, uianike ndipo usage; au chachusha uji kama togwa. Fitati inapungua. Kisha changanya na kitu cha mnyama: dagaa waliotwangwa, yai, maziwa. Jumamosi ukipata nafasi ya kupita mnada wa Msalato, robo kilo ya maini ikipikwa laini inamfaa mtoto huyu kuliko kile kichupa cha vidonge.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni dereva bodaboda hapa Kongwa. Walikuja watu wakafunga turubai karibu na stendi, wanapima mwili mzima kwa kukushikisha fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta. Dakika moja tu, karatasi inatoka. Yangu imeandika zinki, chuma, kalsiamu, vyote chini. Wakanionyesha na madoa meupe kwenye kucha, wakasema ndiyo ushahidi. Nimeuziwa vidonge vya zinki vya miligramu 50, nimeze kila siku mwaka mzima. Nguvu za kiume nazo zitarudi?

JIBU: Salama baba. Hakuna fimbo inayoshikwa mkononi ikaona zinki ndani ya mwili. Haipo hapa Kongwa, haipo Dar es Salaam, haipo Ulaya. Zinki inapimwa kwa kuchukua sampuli, kwa kawaida maji ya damu, na kuipitisha kwenye mashine inayoigawanya kwa joto kali mpaka kwenye atomi, kisha inapima mwanga ambao atomi za zinki pekee huumeza. Kuna mashine nyingine za gharama zaidi zinazopima uzito wa atomi. Zote zinahitaji sampuli, zinahitaji mtaalamu, na majibu hayatoki kwa dakika moja chini ya turubai.

Madoa meupe ya kucha mara nyingi ni ya kugonga kidole, na wewe unashika pikipiki na spana kila siku.

Vidonge acha. Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, chakula kikiwemo. Anayevuka hapo kwa miezi mingi huzuia madini ya shaba yasiingie mwilini, na shaba ikikosekana damu hupungua na mishipa ya fahamu huumia, miguu inakufa ganzi. Kama unameza pia dawa za bakteria kama tetracycline au ciprofloxacin, zinki huzishika tumboni zisifanye kazi vizuri. Kuhusu nguvu za kiume, nenda hospitali upimwe presha na sukari. Najua ni vigumu kulisema mbele ya mtu, lakini umeshaliandika kwangu, na daktari amelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Fedha uliyotoa inaniuma kama imetoka mfukoni mwangu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja wilayani Bahi. Walikuja watafiti wa lishe, wakachukua damu kwa akina mama na watoto, wakapima urefu, wakauliza kila kaya jana mmekula nini. Wakasema zinki haitatolewa majibu kwa mtu mmojammoja. Watu wananung'unika, wengine wanasema damu imeuzwa. Mimi ndiye niliyewahamasisha. Niwaambie nini?

JIBU: Marahaba. Umebeba mzigo ambao haukupaswa kuwa wako peke yako, na nitakujibu kwa kirefu ili uwe na la kusema kwenye mkutano wa kijiji.

Waambie hivi: kipimo kilekile ambacho kwa mtoto mmoja kinababaisha, kwa kijiji au mkoa kinasema kweli. Mmoja alikuwa na mafua, mwingine kala, mwingine kachelewa kutolewa damu. Kwa mtu mmoja mambo hayo yanaweza kupindua jibu. Ukiwa na mamia ya watu waliochaguliwa kwa haki, na saa, chakula na CRP vikaandikwa kwa kila mmoja, unaweza kurekebisha na kuona hali ya jamii nzima. Ndiyo maana 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na hao IZiNCG walipendekeza viashiria vitatu vya kutazamwa pamoja: zinki kwenye maji ya damu, zinki inayoliwa, na ufupi wa watoto kwa umri wao. Watafiti wako walifanya vyote vitatu. Zaidi ya asilimia 20 ya watu wakiwa chini ya mpaka wa damu, au zaidi ya asilimia 25 wakiwa hawali zinki ya kutosha, au udumavu ukivuka asilimia 20, jamii hiyo ina tatizo la kushughulikiwa. Kwa udumavu, Tanzania nzima ilikuwa asilimia 30 katika utafiti wa afya wa 2022. Jirani zetu Malawi walipima zinki kitaifa 2015–16 wakakuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wako chini ya mpaka. Takwimu za namna hiyo ndizo zinazoifanya serikali iamue unga uongezwe nini. Hapa kwetu unga wa mahindi na ngano wa viwandani huongezwa zinki pamoja na chuma na vitamini, ila unga wa mashine ya kijijini hauna, na nyie huko mnasaga kwenye mashine ya kijijini.

Bila shaka uliona walivyohangaika na ile damu, na watu waliuliza kulikoni. Nakueleza, kwa sababu nimeifanya kazi hiyo na naiheshimu. Vumbi la Bahi lina zinki. Mabati yaliyo juu ya zahanati yamepakwa zinki, na mpira wa kizibo cha kawaida cha chupa ya damu una zinki, hata poda ya baadhi ya glovu. Tone la vumbi likiingia, mtoto mwenye upungufu anaonekana ameshiba. Hivyo wanakuja na chupa zao zenye kizibo cha buluu iliyokolea, zilizothibitishwa kuwa safi kwa madini hayo. Wanafungua kamba ya mkononi mapema, kwa sababu mkono ukibanwa muda mrefu namba inapanda. Mashine ya kuzungusha damu wanaiwasha kwa jenereta palepale, maana damu ikikaa bila kutenganishwa, zinki iliyomo ndani ya chembe nyekundu inaanza kuvujia nje. Baada ya kuzungushwa, maji ya juu yanatakiwa yawe ya manjano hafifu, unaona mwanga kupitia humo. Yakiwa na uwaridi, chembe zimepasuka. Fundi mzuri huinua chupa dirishani, akiona uwaridi huiandika pembeni na kuitenga, hata kama mtoto alilia sana kuitoa. Kazi hiyo yote hufanywa ili mtu asidanganywe na namba.

Lakini watu wako wana haki, na hapa sitawatetea watafiti. Kama majibu ya mtu mmojammoja hayana maana kwa zinki, wingi wa damu una maana, malaria ina maana, urefu wa mtoto una maana. Hayo yalipaswa kutolewa siku ileile, na mwenye shida apewe rufaa. Na majibu ya kijiji kizima yanapaswa kurudi kijijini. Mwombe mtendaji wa kijiji aandike barua kupitia kwa ofisa lishe wa wilaya, waulize: matokeo yetu yatasomwa lini kwenye mkutano? Andika tarehe waliyokuja na namba ya kibali chao cha utafiti. Hilo si ugomvi.

SWALI: Habari mama. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mwaka wa mwisho. Nataka mradi wangu uwe wa kupima zinki kwenye nywele za watoto wa shule, maana nywele haziumizi. Nimesoma pia kuhusu mkojo na vimeng'enya. Kipi bora?

JIBU: Nzuri mwanangu. Historia kwanza, maana itakupa adabu ya kazi. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika kuhusu vijana wa Shiraz, Iran, waliobaki wadogo bila kubalehe. Mmoja alikuwa na miaka 21 na alionekana kama mtoto wa miaka 10. Chakula chao kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa, karibu bila nyama, na walikula udongo. Miaka miwili baadaye, Misri, Prasad alionyesha kwamba vijana wa hali hiyo wana zinki kidogo kwenye maji ya damu, kwenye chembe nyekundu na kwenye nywele. Kwa hiyo nywele zimekuwemo tangu mwanzo.

Zinaeleza hali ya miezi iliyopita, hazipandi na kushuka kwa sababu ya uji au homa ya leo. Chini ya mikrogramu 70 kwa gramu ya nywele kumekuwa kukitumika kama dalili ya upungufu. Shida yake ni mbili. Mtoto mwenye utapiamlo mkali nywele zake hukua taratibu, hivyo zinki iliyomo inaweza kuonekana ya kutosha. Na kuna vumbi, mafuta, na dawa za nywele. Kata kisogoni, karibu kabisa na ngozi, tumia sentimita ya kwanza au ya pili tu, osha kwa utaratibu uleule kwa sampuli zote. Kumbuka pia shule nyingi za huku watoto wananyolewa, utahangaika kupata nywele ya kukata.

Mkojo unafaa kuonyesha kama waliopewa zinki wameimeza, kwa upungufu mdogo hausemi mengi. Kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi na protini iitwayo metalothionini, niliviamini nilipokuwa kijana kama wewe, ushahidi wake haujatulia. Linalonivutia ni uwiano wa mafuta mawili ya kwenye damu, asidi ya linoleiki na ile ya dihomo-gama-linoleniki. Kimeng'enya kinachobadilisha ya kwanza kuelekea ya pili kinahitaji zinki. Zinki ikipungua uwiano unapanda. Ulionekana kwanza kwa kuku. Wengine wanatazama mikatiko ya DNA kwenye chembe nyeupe. Hayo bado ni ya watafiti wenye fedha.

Mradi wa shahada ya kwanza ufanye uwezalo: urefu kwa umri, mahojiano ya chakula cha saa 24, na fitati ya ule uji wa shuleni ukilinganisha uliochachushwa na usiochachushwa. Nywele ziwe nyongeza, na zipitie kamati ya maadili kwanza.

SWALI: Shikamoo mama, nina mimba ya miezi sita, niko Mpwapwa. Nakula udongo kila siku, siwezi kuacha. Nikapime zinki?

JIBU: Marahaba mama. Hapana, usiende kupima zinki. Mimba huongeza maji ya damu na zinki inaonekana ndogo kwa kila mjamzito. Mpaka wa chini unashuka hadi mikrogramu 50 kwa desilita baada ya miezi mitatu ya kwanza, na kituo kisichojua hilo kitakutisha bure. Udongo wenyewe ndio wa kushughulikia, kwa sababu unashika chuma na zinki za chakula chako tumboni, na unaweza kuwa na minyoo na risasi. Hamu yake mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Wiki hii nenda kliniki, mwambie muuguzi unakula kiasi gani kwa siku, aipime damu yako siku hiyohiyo, uulize kuhusu dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu umeze kila siku. Hamu ikija, tafuna karanga mbichi au kipande cha barafu, na udongo usiuweke ndani ya nyumba.